Nambari ya Orri

Nilimwambia Ketill waziwazi, mbele ya wenzetu wote, kwamba wazo lake silipendi. Tulikuwa kwenye kituo cha mafuta cha mwisho, pale lami inapoishia, kila mmoja ameinamia tairi lake anapunguza upepo. Ukitaka kupanda milima yetu majira ya baridi lazima tairi lilegee kama godoro la zamani, la sivyo gari linachimba theluji na kujizika lenyewe. Ketill ndiye anayetuongoza. Ana ndevu nyingi na maneno machache, na akishasema jambo hutamwondoa hapo.

"Nambari ya Orri haichukuliwi na mtu," alikuwa amesema.

"Orri amekufa, Ketill."

"Najua amekufa. Alikuwa mdogo wangu, si wako."

"Basi mwache apumzike. Msogeze Ulfar awe nne, tuhesabiane kama watu wazima."

"Dada, achana naye," alisema Dagny bila kuinua uso. "Mimi ndiye niliyemwomba."

Nikarudi kwenye tairi. Dagny ni mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na Orri alikuwa mumewe.

Nieleze kidogo nisije nikaonekana mgomvi tu. Huku milimani tunakwenda kwa msururu, na kila gari lina nambari yake kwenye redio ya upepo. Theluji ikianza kuvuma huoni hata boneti yako mwenyewe, kwa hiyo aliye mbele huwa anahesabu watu wake. Anasema "Hesabu," nasi tunajibu mmoja mmoja: moja, niko sawa; mbili, niko sawa; mpaka wa mwisho. Asipojibu mtu, msururu wote unasimama mpaka apatikane. Ketill ni moja. Mume wangu Bersi ni mbili. Dagny ni tatu. Orri alikuwa nne, na rafiki yetu Ulfar ni tano, kwa sababu gari lake ni bovu kuliko yote na hakuna anayetaka kulisukuma kwa nyuma.

"Mimi niacheni na tano yangu," alisema Ulfar. "Nimeshazoea kuwa mkia."

"Mkia wenyewe hauna manyoya," Bersi akamjibu, na tukacheka kidogo, kicheko cha kupisha jambo.

Orri alizama ziwani na gari lake miaka miwili iliyopita, tukiwa safari hii hii. Wapiga mbizi walishuka mpaka wakakata tamaa, maana maji ya lile ziwa yanatoka chini ya barafu ya milele na ni meupe kama maziwa. Mtu haoni mkono wake mwenyewe. Tulimwombea kanisani bila jeneza. Alikuwa na mazoea ya kuendesha nyuma ya mke wake. "Tangulia mama, ukidondosha kitu nitaokota," ndivyo alivyokuwa akisema. Siku ile Dagny alimwona kwenye kioo, taa zake mbili za manjano zinakuja nyuma, halafu akaona hazipo. Hakusimama. Juu ya barafu ya ziwa hakuna kusimama, tumefundishwa hivyo tangu tukiwa watoto: ukisimama unaongeza shimo la pili. Alifanya alilofundishwa, akafika ng'ambo mzima, na tangu siku hiyo hajajisamehe.

Majira yaliyofuata hakuna aliyekwenda popote. Mwaka huu Dagny mwenyewe alisema twende, tukale karamu ya Thorri, ile ya katikati ya baridi, kwenye kibanda chetu cha mlimani kama zamani. Wengine walifurahi. Wakasema anaanza kupona. Mimi namjua. Alikuwa mtulivu kupita kiasi, mtulivu kama mtu aliyeshafunga mizigo yake, na nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mdogo wangu anamfuata mumewe. Ndiyo maana niliacha kiti changu kando ya Bersi nikapanda kwake.

"Unanilinda?" aliniuliza tulipoondoka.

"Nakimbia harufu ya papa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Karamu yote ilikuwa nyuma ya gari la Bersi: vichwa vya kondoo vilivyochemshwa, mapumbu ya kondoo dume yaliyochachushwa, nyama ya moshi, na papa aliyevundikwa hadi ukimnusa machozi yanatoka.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Anga ya buluu, theluji ngumu, redio imejaa upuuzi wa Ulfar. Tulipofika juu, upepo ukaanza kuinua unga wa theluji chini chini, na Ketill akasema, "Hesabu. Moja, niko sawa."

"Mbili, niko sawa," alisema Bersi.

"Tatu, niko sawa," alisema Dagny.

Halafu tukaacha nafasi, urefu wa pumzi moja, kama Ketill alivyotaka. Katika nafasi ile redio ikalia *tik*, sauti ya mtu aliyebonyeza maiki kisha akaiachia.

"Tano, niko sawa, na njaa ninayo," alisema Ulfar.

"Nani kabonyeza?" Ketill aliuliza.

"Siyo mimi, mzee."

"Baridi hiyo," alisema Bersi. "Inaingia kwenye nyaya."

Nilimtazama Dagny. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kuogopa tabasamu la mtu kama nilivyoliogopa lile, nikamwambia Ketill moyoni maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tuliendelea. Mchana ukageuka mweupe. Si usiku, si ukungu. Ni weupe tu, juu na chini, hujui kama unapanda au unashuka, na macho yanaanza kujitengenezea vitu vya kutazama. Nyuma ya gari la Bersi niliona kama mtu anatembea, nikafumba macho, nikafumbua, ikawa ni nguzo ya kuonyesha njia. Dagny aliendesha akiangalia mstari wa njia kwenye kioo kidogo cha ramani. Ketill akahesabu tena. Moja. Mbili. Tatu. Na mara hii maiki ilibonyezwa ikashikwa. Tulisikia injini. Injini ya dizeli inayonguruma polepole, na nyuma yake kitu kama maji yanayopiga ndani ya pipa.

Ikaachiwa.

"Tano," alisema Ulfar. Hakuongeza utani wowote, na Ulfar asipotania ujue mambo yameharibika.

"Ketill," nikachukua maiki, "acha mchezo huu. Ziba hilo pengo."

Dagny akaninyang'anya maiki mkononi, kwa upole, akaitundika. "Dada, nakuomba," alisema. "Miaka miwili sijakuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Hakuwa ameniomba hata chumvi.

Mpango ulikuwa kulizunguka ziwa kwa juu, kwenye mteremko. Ketill alikuwa ameniapia hivyo nyumbani kwangu, mkono wake juu ya meza yangu. Lakini tulipofika tulikuta mteremko wote umeporomoka, theluji imejaa mpaka kwenye mawe, na upepo ulikuwa unazidi. Ketill akashuka na keekee yake akaenda kutoboa barafu ya ziwa mahali kadhaa. Alirudi amekuwa mweupe mpaka kwenye nyusi, akasimama dirishani kwa Dagny.

"Shemeji, inabeba. Ni nene kuliko mkono wangu. Ama tuvuke, ama turudi na dhoruba usoni. Kata shauri wewe."

"Kwa nini akate yeye?" nikasema. "Kiongozi ni nani hapa?"

"Tuvuke," alisema Dagny, haraka, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu nyumbani.

Tukafungua mikanda. Tukashusha madirisha na kuacha milango bila kuibana, ili gari likizama mtu atoke. Baridi ikaingia ikatukata masikio. Ketill akatangulia, Bersi akamwacha aende mbali kisha akamfuata, halafu sisi. Polepole, bila kubadilisha mwendo. Chini yetu barafu ilikuwa inalia, sauti ndefu za chini, na hiyo ni kawaida, barafu nzima hulia. Sikuiogopa. Nilikuwa naitazama mikono ya Dagny kwenye usukani.

Redio ikasema, "Tano hapa. Jamani, tairi langu limechomoka kwenye rimu. Bado niko nchi kavu, sijagusa ziwa. Nendeni, nitalirudisha nije."

"Sawa," alijibu Ketill. "Tutakungoja ng'ambo."

Kwa hiyo nyuma yetu hapakuwa na mtu. Naomba hilo likumbukwe, maana wapo walioniambia baadaye kwamba nilichanganyikiwa. Nyuma yetu kulikuwa na ziwa tupu, na ng'ambo yake Ulfar akihangaika na tairi.

Dagny akainua macho kwenye kioo. "Haya," alisema. "Huyo."

Niligeuka. Katika ule weupe kulikuwa na taa mbili za manjano. Ulfar ana taa nyeupe, sote tuna taa nyeupe. Za manjano alikuwa nazo Orri peke yake, tulikuwa tunamcheka kwamba gari lake linaumwa homa ya manjano. Zilikuwa zinakuja kwa mwendo wetu wenyewe, hazikaribii, haziachwi.

"Usitazame," nikamwambia. "Tazama mbele. Dagny, tazama mbele!"

Akakanyaga breki.

Gari lilitulia katikati ya ziwa. Taa za manjano nazo zikatulia. Upepo ulipungua kidogo, nikasikia vizuri kabisa ile injini nyingine ikinguruma.

"Endesha."

"Hapana."

"Dagny, endesha gari!"

"Mara ile sikusimama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaongea jikoni. "Alikuwa nyuma yangu hapa hapa, nikamwacha. Leo namngoja. Wewe shuka, dada. Fuata alama za tairi za Bersi, utafika."

"Nishuke niende wapi? Nimwambie mama nini?"

"Mwambie nilisimama."

Nilimpiga kofi. Sijutii. Hakushtuka hata kidogo. Nikajaribu kuupitisha mguu wangu juu ya mguu wake nifikie mafuta, akanisukuma, na ana nguvu kuliko mimi, siku zote anazo. Nikatazama nje chini ya mlango. Theluji iliyozunguka magurudumu yetu ilikuwa inabadilika rangi, kutoka nyeupe kuwa kijivu, inalowa. Maji yalikuwa yanapanda. Barafu iliyokuwa inalia ilikuwa imenyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa barafu, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Svala, mbona mmesimama?" Ilikuwa sauti ya Bersi kwenye redio. Mume wangu si mtu wa kupaza sauti, lakini alikuwa anapaza. "Svala! Ondokeni hapo!"

Nikashika maiki. Nilikuwa nalia, sitaki kudanganya. "Ketill, hesabu! Hesabu sasa hivi! Na wewe Ulfar, unanisikia? Chukua nne. Pengo likifika, wewe sema nne. Lizibe, Ulfar, nakuomba, atamchukua mdogo wangu!"

"Usithubutu!" Dagny alipiga kelele. "Ulfar, usithubutu!"

Halafu Ketill, na sauti yake ilikuwa ya mzee: "Hesabu. Moja, niko sawa."

"Mbili, niko sawa."

Dagny alifunga midomo. Nikajibu mimi kwa niaba yake. "Tatu, niko sawa," nikasema, na uongo mkubwa kuliko huo sijawahi kuusema redioni.

Pumzi moja ikapita. Nikasema moyoni, Ulfar, mshenzi wewe, jibu.

Redio ikakwaruza. Upepo, ukwaruzaji, na ndani yake sauti ya mwanamume, imechoka, imekauka kwa baridi.

"Nne. Niko sawa. Nendeni."

Taa za manjano zikazimika.

Zilizimika zote mbili pamoja, na injini ile ikaacha kusikika. Nyuma yetu kulibaki weupe tu. Dagny alitoa sauti ambayo sikujua kama mtu anaweza kuitoa, akageuka nyuma na mwili mzima, akatazama, akatazama. Maji yalikuwa yamefika kwenye rimu.

"Hayupo," nikamwambia. "Hakuna wa kumngoja tena. Twende nyumbani."

Akaweka gia. Magurudumu yalizunguka ndani ya ule ujiuji, yakateleza, gari likazama upande wangu kiasi cha kiganja, kisha likashika. Hakupunguza mwendo mpaka mbele ikainuka na tukasikia mawe chini ya theluji. Hapo aliliegesha gari nyuma ya la Bersi, akazima injini, akaniambia bila kunitazama, "Mmemzima. Wewe na Ulfar mmemzima."

Bersi alinitoa garini kwa mikono yake. Ketill alisimama akitazama ziwa, ndevu zimeganda. Tulimngoja Ulfar hapo hapo, tumejibanza upande usio na upepo. Mwishowe taa zake nyeupe zikatokea, akavuka bila shida yoyote, mbali kidogo na alama zetu.

Mimi ndiye niliyemkimbilia kwanza. Nilifungua mlango wake, nikamkumbatia shingo.

"Asante," nikamwambia. "Asante, asante. Umeniokolea mdogo wangu."

"Kwa lipi?" alisema. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka na vimejaa damu. "Nilikuwa nje na hili tairi lililolaaniwa tangu mwanzo. Limegoma pampu, nikalipulizia gesi ndani nikaiwasha, mlipuko ndio uliolikalisha. Kwani mlinitafuta?"

"Ulfar. Uliposema nne."

"Nne ipi?" alisema. "Svala, redio ilikuwa garini, mimi nimelala chini ya gari na upepo masikioni. Sikusikia kitu. Sikusema kitu."

Nikashika mlango. Aliniangalia usoni, na uso wake ukapauka. Ulfar ni mzaha mtupu lakini si mjinga.

Kabla sijafungua mdomo Dagny alikuwa amefika. Alimpiga ngumi ya mdomo, Ulfar akarudi nyuma akaegemea gari lake.

"Nani alikuruhusu?" alimwambia. "Nani alikupa nambari yake? Na hilo 'nendeni', wewe ni nani wa kuniambia mimi niende? Alikuwa amekuja, Ulfar! Alikuwa amefika!"

Ulfar alinitazama juu ya bega lake, damu inamtoka mdomoni. Mimi nilitikisa kichwa, kidogo sana. Nilikuwa nalifikiria neno lile moja, nendeni, na nani aliyelisema, na mdogo wangu angefanya nini kama angejua. Angegeuza gari lile lile. Angerudi katikati ya ziwa kumuuliza mumewe kwa nini anamfukuza.

"Nisamehe, Dagny," alisema Ulfar. "Nilifanya makosa."

Chakula cha Thorri hakikuliwa mwaka ule. Asubuhi, mbingu zilipofunguka, tulirudi kwa njia ndefu ya mashariki, na Ketill akahesabu moja mpaka nne bila pengo, na Ulfar akajibu nne na mdomo uliovimba. Dagny alisikia. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba sauti ya ziwani ilikuwa ya Ulfar.

Hajaongea nami tangu siku hiyo. Aliuza gari. Alihamia mji wa pwani, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na mama anasema amenenepa kidogo na anaimba kwaya. Sikukuu anakuja kwa mama asubuhi ili mimi nije jioni. Bersi naye anaamini ni Ulfar aliyejibu, na Ketill pia, au anajifanya. Tunaojua ni wawili. Ulfar hunipigia simu akishalewa, ananiambia, "Svala, tumwambie. Ana haki. Mume wake mwenyewe kamwambia yuko sawa." Namjibu akalale.

Usiku mwingine nashika simu. Nataka kumwambia kwamba hakumwacha mtu, kwamba mtu mwenyewe alimruhusu. Najua neno hilo lingemponya. Lakini najua pia ziwa liko pale pale, na barafu inarudi kila mwaka, na mdogo wangu hajawahi kupewa jibu akaridhika nalo. Wacha anichukie.

Wiki iliyopita nilikwenda mji ule kwa shughuli zangu, nikamwona ng'ambo ya barabara akitoka dukani, mikate mkononi, mashavu mekundu kwa upepo. Aliniona. Alinitazama kwa chuki yote aliyo nayo, akageuka, akaenda zake kwa hatua ndefu. Nikaegemea ukuta wa nyumba ya watu nikalia kwa furaha.